Boti Moja, Makaratasi Manne

Mtu anayenunua boti ya kuvulia ya futi 18 jimboni Texas, ikiwa juu ya trela na mashine imening'inia nyuma, hudhani amenunua kitu kimoja. Serikali ya jimbo inaona vitu vitatu. Boti ina hati yake ya umiliki. Mashine nayo ina hati yake, maana inaweza kufunguliwa jioni na kuamkia kwenye boti nyingine. Hati hizo mbili hutolewa na idara ya mbuga na wanyamapori, ileile inayotoa leseni za uvuvi na uwindaji. Trela iko chini ya idara ya magari, kwa kuwa kazi yake ni barabarani. Juu ya hayo kuna cheti cha usajili, ambacho lazima kiwemo botini kila inaposhuka majini. Muuzaji akisema "makaratasi yote yapo," mnunuzi aliyekwisha kuumwa na nyoka huuliza: yapi?

Marekani ina boti za starehe zilizosajiliwa zaidi ya milioni 11, na hakuna ofisi moja inayozishughulikia zote. Florida, inayoongoza kwa wingi ikiwa na takriban milioni 1, huwapeleka wenye boti kwa mkusanya kodi wa kaunti. California huwapanga foleni moja na wenye magari. Minnesota na Georgia hutumia idara zao za maliasili. Muda wa usajili nao ni kila jimbo na lake. Minnesota hutoa miaka mitatu. California, usajili wa boti zote huisha tarehe 31 Desemba, mwaka mmoja ndiyo na mmoja hapana. Florida, usajili wa boti ya mtu binafsi huisha siku ya kuzaliwa ya mwenyewe, na huo ndio ujumbe wa heri pekee anaoweza kuutarajia kutoka serikalini.

Haikuanza hivi. Sheria ya mwaka 1918 iliiweka kazi hiyo mikononi mwa serikali ya shirikisho: chombo cha mashine chenye urefu wa zaidi ya futi 16 kilipewa namba na forodha, kama mzigo wowote unaopita bandarini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hesabu ikageuka. Mashine za kufunga nyuma zikashuka bei, boti za fibaglasi zikaanza kutoka viwandani kwa wingi, na familia ambazo zamani zilikodi mtumbwi wa makasia Jumapili sasa zikawa na boti uani. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosukumwa na mbunge Herbert Bonner wa North Carolina. Majimbo yaliruhusiwa kusajili boti yenyewe, mradi utaratibu wa namba uwe mmoja nchi nzima.

Utaratibu huo ndio unaoonekana ubavuni mwa boti, upande wa omo, kulia na kushoto. Kwanza herufi mbili za jimbo, kisha tarakimu, kisha herufi za mwisho, kwa mfano FL 1234 AB. Kanuni zimeingia hadi kwenye rangi na nafasi. Herufi ziwe za kusimama wima, zisizo na mapambo, kimo chake kisipungue inchi 3. Rangi ipingane na ya boti, nyeupe juu ya buluu au nyeusi juu ya nyeupe. Kati ya herufi na tarakimu iachwe nafasi ya upana wa herufi moja, lakini isiwe upana wa I, kwa kuwa I ni nyembamba mno. Anayebandika FL1234AB kwa mfululizo amevunja kanuni, hata kama kila herufi ni sahihi. Stika ya mwaka hukaa ndani ya inchi 6 kutoka kwenye namba.

Herufi za majimbo zenyewe huwachanganya hata Wamarekani. Michigan, jimbo lililozungukwa na Maziwa Makuu na lenye boti kama njugu, mtu angetarajia lipewe MI. Hapana. MI ilikwenda Mississippi, Massachusetts ikapata MS, Michigan ikaambulia MC. Boti za California husoma CF. Anayezoea vifupisho vya posta, ambako MI ni Michigan na MS ni Mississippi, anaweza kuikosea boti jimbo zima.

Lakini yote hayo ni usajili tu, na hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Kwa msomaji aliyezoea kadi ya gari, karatasi moja husema mambo mawili kwa pamoja: gari limeandikishwa, na mwenye jina hili ndiye mwenye gari. Kwa boti za Marekani mambo hayo mawili yametenganishwa. Usajili ni habari ya polisi wa majini: chombo hiki kinajulikana, ada imelipwa, tukikiona kimepinduka tunajua wa kumpigia simu. Hati ya umiliki ni habari ya fedha: nani anaweza kuuza, na benki gani inadai. Sheria ya shirikisho inalazimisha namba kwa kila chombo chenye mashine. Hati ya umiliki haimo katika lazima hiyo. Kila jimbo limeachiwa liamue lenyewe.

Ndiyo maana mpaka kati ya Georgia na Florida una uzito kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Georgia husajili boti lakini haitoi hati za umiliki. Florida hutaka boti yoyote ya mashine iwe na vyote viwili, na humpa mnunuzi siku 30 za kushughulikia. Boti ikivushwa kutoka Georgia huja na cheti cha usajili na karatasi ya mauziano yenye sahihi ya muuzaji, basi. Karani wa kaunti upande wa Florida anatakiwa kuzaa hati ya umiliki kutokana na hizo. Kwa boti halali hilo ni usumbufu tu. Kwa mwizi ni mlango wa nyuma, maana boti iliyoibwa ikipata hati safi katika jimbo la pili hupokewa sokoni kama mwali.

Kinga kubwa dhidi ya hilo haiko kwenye karatasi. Iko kwenye boti yenyewe. Sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 ilifungua njia kwa viwanda kulazimishwa kutia namba ya utambulisho katika bodi ya kila boti, na tangu Novemba 1972 boti mpya hazitoki bila namba hiyo. Ina tarakimu na herufi 12. Hukaa nyuma, kwenye tezi, upande wa kulia wa anayetazama omo, karibu na ukingo wa juu. Tuchukue mfano wa kubuni, XYZ10234H405, wa mtindo ulioanza kutumika Agosti 1984. Herufi tatu za kwanza ni za kiwanda. Zinazofuata tano ni namba ya mfululizo, ambayo haitumii I, O wala Q, kwa kuwa I hufanana na moja na hizo mbili hufanana na sifuri. H ni mwezi wa Agosti, herufi ya nane. Tarakimu 4 ni mwaka ulioishia na nne, na 05 ni toleo la 2005. Boti hii, kwa hiyo, ilitengenezwa Agosti 2004 na kuuzwa kama ya mwaka uliofuata. Anayejua kusoma namba hiyo hahitaji kuambiwa umri wa boti na muuzaji.

Na kuna namba ya pili. Ni ileile ya kwanza, lakini hufichwa: ndani ya bodi, au chini ya kifaa kilichofungwa juu yake. Mahali penyewe hapatangazwi. Mwizi anaweza kukwangua ile ya nje, akajaza gundi, akapaka rangi na kuchonga nyingine, lakini mpelelezi anayejua kiwanda kile kiliificha wapi atafungua skrubu na kuisoma ya zamani. Fundi anayeitwa kukagua boti kabla ya mauzo huanza hapo kwenye tezi kwa kupitisha kidole. Kama kibandiko kinainuka pembeni, kama kuna mkwaruzo, kama rangi ya pale ni mpya kuliko ya boti nzima, bei haijadiliwi tena. Kinachojadiliwa ni kama aite polisi.

Aliyejijengea boti mwenyewe karakanani hana kiwanda cha kumpa namba. Jimbo humpa yake, na herufi ya tatu huwa Z: FLZ kwa Florida, OHZ kwa Ohio. Ukiona Z hapo, mara nyingi ni kazi ya mikono ya mtu, au ni boti ya zamani iliyokuja bila namba.

Kisa kinachoonyesha makaratasi ya boti yana nguvu gani kilitokea Machi 1980, kwenye mkondo wa meli wa mto Calcasieu, Louisiana. Maofisa wa forodha wakiwa na askari wa jimbo waliona jahazi la starehe la futi 40, Henry Morgan II, limetia nanga. Meli ya mizigo ikapita, mawimbi yake yakalitikisa jahazi. Maofisa wakasogea na kumuuliza mtu aliyekuwa juu kama wako salama. Akapandisha mabega. Nyuma ya jahazi palikuwa pameandikwa Basilea, mji wa Uswisi, nchi isiyo na bahari. Wakapanda, wakaomba hati. Wakapewa karatasi ya Kifaransa iliyoonekana kuwa ni maombi ya kuhamisha usajili kutoka Uswisi kwenda Ufaransa. Ofisa akiisoma, pua yake ikanasa moshi wa bangi. Akachungulia kupitia mlango wa sitaha uliokuwa wazi, akaona marobota yamefungwa kwa magunia. Jumla yake ilikuwa pauni 5,800.

Mawakili wa washtakiwa wakasema upekuzi huo ulivunja katiba, kwa kuwa maofisa hawakuwa na sababu yoyote ya kushuku kabla ya kupanda. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilikuwa imepiga marufuku polisi kusimamisha gari ovyo ili tu kukagua leseni na kadi. Lakini mwaka 1983, kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji waliona bahari ina sheria yake. Majini hakuna barabara wala kizuizi ambapo vyombo vyote vinaweza kusimamishwa kwa zamu. Gari lina kibao kinachosomeka kwa mbali. Makaratasi ya chombo ni mengi na ya namna nyingi, hayajulikani mpaka mtu apande. Basi kukagua hati za chombo katika maji yenye njia ya kufikia bahari hakuhitaji shaka yoyote. Msomaji anaweza kusema kwamba wingi wa makaratasi si kosa la mwenye boti, lakini sheria ndiyo hiyo hadi leo.

Kwa boti kubwa kuna njia ya tatu, kongwe kuliko zote. Bunge la kwanza la Marekani lilipitisha sheria ya kuandikisha vyombo mwaka 1789, mwaka uleule George Washington alipoapishwa. Leo chombo chenye tani 5 au zaidi, chenye mwenyewe raia wa Marekani, kinaweza kuandikishwa moja kwa moja na serikali ya shirikisho. Tani hizo si uzito. Ni ujazo, futi za ujazo 100 kwa tani, na kwa kawaida boti ya futi 25 na kuendelea huzifikisha. Iliyoandikishwa hivyo haibandiki namba ya jimbo ubavuni. Huandika jina lake na bandari yake kwa herufi za inchi 4, na namba yake rasmi huchongwa au kubandikwa ndani ya bodi mahali ambapo ikiondolewa itaacha alama. Mabenki huipenda njia hii, kwa sababu rehani iliyosajiliwa huko hutambulika katika kila jimbo. Ofisi yenyewe iko Falling Waters, West Virginia, mji mdogo wa bara ambako hakuna bahari ya kuonekana.

Kuhuisha hati hiyo hugharimu dola 26 kwa mwaka. Wajanja wamegundua kwamba majina ya wenye boti na tarehe zao za kuhuisha ni taarifa za wazi, na Walinzi wa Pwani, wenye ofisi hiyo, wamelazimika kuonya mara kwa mara juu ya barua zenye nembo za kiserikali-serikali zinazotoka kwa kampuni binafsi na kudai bei ya juu zaidi. Isitoshe, hati ya shirikisho haimwondolei mtu majukumu ya nyumbani: Florida bado hudai usajili wake na stika yake.

Wala haimwondolei kodi, na hapo ndipo wakubwa huumbuka. Mwaka 2010 John Kerry, seneta wa Massachusetts aliyekuwa amegombea urais miaka sita nyuma, alikutwa na boti mpya iitwayo Isabel, futi 76, dola milioni 7 hivi, iliyojengwa New Zealand. Ilikuwa imefungwa Newport, katika jimbo jirani la Rhode Island, ambalo lilifuta kodi ya mauzo ya boti mwaka 1993 ili kuokoa viwanda vyake. Nyumbani Massachusetts, kodi yake ingekuwa karibu nusu milioni ya dola. Ofisi ya seneta ilieleza kwamba boti iliwekwa kule kwa matengenezo na biashara ya kukodisha. Magazeti ya Boston hayakuitikia amina. Mwishowe Kerry alikubali kulipa takriban dola 500,000. Florida imetafuta dawa nyingine ya tabia hiyo: kodi ya mauzo ni asilimia 6, lakini kwa boti haivuki dola 18,000, hata kama boti ina thamani ya hoteli.

Mwenye chombo kuchagua serikali inayomfaa si jambo geni kwa watu wa mwambao wetu. Mwishoni mwa karne ya 19, manahodha wa Sur, Oman, waliokuwa wakishuka na kaskazi hadi Afrika ya Mashariki, walijipatia hati na bendera za Ufaransa. Jahazi likipepea bendera hiyo, manowari za Uingereza zilizokuwa zikisaka watumwa hazikuweza kulipekua kirahisi. Ugomvi ukafika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, na uamuzi wa tarehe 8 Agosti 1905 ukaibana Ufaransa: tangu Januari 1892 haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Muscat bendera yake, isipokuwa waliokuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Waliokwisha kupewa kabla ya 1892 waliachiwa. Swali la The Hague halikutofautiana sana na la Newport.

Ukiacha matajiri, maumivu ya kila siku yako upande wa pili, kwa boti ambazo hazina mtu anayezitaka. Boti ya fibaglasi haiozi. Baada ya miaka 40 mashine imekufa, sitaha imelainika, na kuivunja kwa njia halali ni maelfu ya dola. Mwenyewe huiuza kwa dola moja kwa yeyote anayepita, mnunuzi hahamishi jina, naye humuuzia mwingine, hadi kimbunga kinaisukuma kwenye mikoko na askari wanakuta jina la mtu aliyeiuza zamani. Florida, ambako kuitelekeza boti ni kosa la jinai, ilianzisha mwaka 2022 mpango wa kupokea boti zilizo njiani kufa kabla hazijazama, bila kumtoza mwenyewe. Sharti mojawapo ni kwamba anayeisalimisha awe na hati safi ya umiliki. Wengi waliopokea boti kwa dola moja hawana. Alaska nayo ilianza kutoa hati za umiliki wa boti Januari 2019, katika sheria iliyokusudiwa hasa kukomesha vyombo vilivyotupwa.

Jambo la karibuni zaidi ni chapa. Mwaka 2011 tume inayotunga sheria za mfano kwa majimbo ilitoa sheria moja ya hati za boti, Virginia ikawa ya kwanza kuichukua mwaka 2013, na Florida imeitumia tangu Julai 2023. Chini yake, boti iliyoharibika bodi kwa ajali au kimbunga hati yake hutiwa maneno ya kusema hivyo, na maneno hayo huambatana nayo kwa kila mnunuzi. Kwa magari hilo lilikuwapo tangu zamani. Kwa boti, iliyozama kimbungani iliweza kukaushwa, kupigwa polishi na kuuzwa jimbo la pili kama iliyokuwa ya babu aliyeitumia kwenda kanisani tu.

Majimbo yenyewe yana hamu ya kuhesabu boti. Fedha za shirikisho za usalama wa majini, zinazotokana na kodi za vifaa vya uvuvi na mafuta ya boti, hugawanywa kwa mafungu matatu: theluthi moja sawa kwa sawa, theluthi kwa kadiri jimbo linavyotumia fedha zake, na theluthi ya mwisho kwa idadi ya vyombo vilivyosajiliwa. Kila namba mpya ubavuni mwa boti ina senti zake Washington.

Pengine ndiyo sababu mjadala umefika hadi kwenye vimtumbwi vya plastiki vya kupiga kasia. Minnesota husajili hata visivyo na mashine, vikizidi futi 10. Florida huviacha vyote, lakini mwenye nacho akifunga kimashine cha betri kisicho na kelele kuliko feni, amekuwa na chombo cha mashine: hati, usajili, namba pande zote mbili, herufi za inchi 3, nafasi isiyo ya upana wa I. Tatizo linalobaki ni la gundi. Plastiki ya vimtumbwi hivyo haishiki vibandiko vizuri, na katika maduka ya boti ya Florida wateja huonekana wakipima vibao vidogo vya kufunga kwa kamba omoni, kimoja kulia, kimoja kushoto.